Barua Mbili za Plateau

Mkimaliza kusoma haya mtasema mama huyu hamwamini mtu yeyote. Mtakuwa hamjakosea. Nilikuwa wakala wa ushuru hapa Eldoret kuanzia nilipokuwa msichana wa viatu virefu hadi magoti yalipokataa ngazi za ofisi, na wateja wangu wengi walikuwa watu wasiokuwepo. Wauguzi walioko Canada, madereva walioko Qatar, wakimbiaji wanaoishi kwenye mabegi, wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka wenye maghala hapa mjini. Mali yao iko hapa, wao wako kwingine, na serikali mbili zinawakodolea macho. Mtu asiyekuwepo husemewa na karatasi zake na jamaa zake. Karatasi hudanganya, jamaa hudanganya, na kuna siku hudanganya pamoja.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnakaa mbele ya kompyuta, mnabonyeza mara mbili, faili la mtu linafunguka lote. Nawaonea wivu kidogo. Sisi tulikuwa na mafaili ya kamba, na ukitaka la mwaka juzi unapanda ngazi na kushuka na vumbi puani. Lakini kompyuta haijui kuuliza. Inakubali unachoiambia na kukushukuru. Mimi niliiambia jambo lisilo kweli, si kwa wizi bali kwa kudhani najua, na kosa hilo lilikaribia kumwondoa mwanamke mmoja kwao. Ndilo nataka kuwasimulia.

Kwanza mmjue Mzee Barasa, maana bila yeye hamtaelewa nilikosea wapi. Alikuwa mhasibu mwenye vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ofisi nzima ilinuka dawa ya kupe. Ndiye aliyeniajiri na kunifunza. Mteja akija kutoka nje, Mzee Barasa hakumsikiliza kwanza. Alisema, "Leta pasipoti," akalamba kidole, akaanza kuhesabu mihuri. Ya kuingia aliiandika kushoto, ya kutoka kulia. Mteja akijaribu kusimulia safari zake, Mzee aliinua mkono bila kuinua macho.

Kuna mfanyabiashara wa mahindi kutoka ng'ambo ya mpaka aliyekuja akilalamika kwamba yeye ni mgeni tu, huingia na kutoka, na anataka kuhesabiwa kama mgeni kwa sababu hesabu ya mwaka ule ingemfaa zaidi hivyo. Mzee Barasa akahesabu mihuri yake. Siku zilikuwa zimepita nusu ya mwaka na wiki kadhaa juu yake. Halafu akamuuliza mbwa wa mlinzi wetu anaitwa nani. Yule bwana akajibu papo hapo, tena akaongeza kwamba mbwa mwenyewe siku hizi anachechemea. "Wewe si mgeni," Mzee akamwambia, "wewe ni jirani. Kaa chini tujaze fomu ya majirani."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo vijana wengi huruka. Mmefundishwa kuhesabu siku mia moja themanini na tatu, na mnadhani mmemaliza. Siku ni za yule asiye na nyumba. Mtu mwenye nyumba ya kudumu hapa Kenya akikanyaga nchi hii hata wiki moja katika mwaka, sheria inamwita mkaazi wa mwaka huo, hata kama siku zote zilizobaki alikuwa akikwangua theluji kwenye gari lake huko. Tofauti si ndogo. Asiye mkaazi mwenye nyumba ya kupangisha hukatwa ushuru karibu theluthi ya kodi anayolipwa na mpangaji, kabla hajatoa hata bei ya bati moja. Mkaazi hukatwa kidogo sana kuliko hapo. Lakini mkaazi naye hudaiwa aonyeshe na mshahara wake wa kule nje, pamoja na cheti cha ushuru aliokwisha kukatwa huko ili asikatwe mara mbili. Kwa hiyo msimchagulie mteja upande unaompendeza. Ulizeni ukweli, kisha sheria ichague yenyewe. Mzee Barasa alikuwa na njia yake ya kuuliza: "Usimuulize mtu anaishi wapi. Muulize funguo zake zinafungua wapi."

Salina alikuja kwangu Desemba moja, baada ya Mzee Barasa kustaafu na mimi kurithi ofisi, dawa ya kupe na yote. Muuguzi, Canada, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alikuwa amejenga jengo la ghorofa mbili upande wa Chepkoilel, na chuo kimoja cha binafsi kikalikodi lote kiwe bweni la wanafunzi wake. Chuo kilitaka kujua kimkate ushuru wa aina gani. Nikamuuliza, "Unaishi wapi?" Akasema Canada. Nikabonyeza: asiye mkaazi. Chai yangu haikuwa imepoa.

Kwa nini sikuuliza habari ya funguo? Nimejiuliza mara nyingi. Nilijua kwamba Salina aliolewa, na kwamba ndoa ile ilivunjika kabla hajasafiri. Kichwani mwangu, bila hata kujisikia nikifikiri, nikaona: kwa mume hayuko tena, na kwa babake binti hana nyumba, basi hana nyumba. Angekuwa mwanamume ningemuuliza boma lake liko wapi. Hapa kwetu hakuna anayemuuliza binti swali hilo, na mimi, mwanamke mzima niliyefundishwa kushuku kila kitu, sikulishuku wazo langu mwenyewe.

Ukapita mwaka, ikapita minne. Mwaka wa tano Salina akanipigia simu kwa jambo lingine kabisa, na katikati ya mazungumzo akasema, "Sijui kama mvua imeingia kwangu Plateau."

"Kwako Plateau?" nikamuuliza.

"Nyumba yangu, Mama Njeri. Kwa baba. Si hapo ndio mimi hulala nikikuja?"

Nikaweka kalamu chini. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili kwenye boma la babake, Mzee Tuwei, ndoa ilipokwisha. Babake ndiye aliyemwonyesha mahali. Kitanda chake kilikuwa humo, nguo zake, picha ya marehemu mamake, na kila Desemba alilala humo wiki tatu. Ufunguo aliubeba hadi Canada. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mkaazi mbele ya sheria, na mimi nilimwandika mgeni, na chuo kikamkata kama mgeni. Niliona aibu sana. Nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni langu, kwamba tunaweza kudai marejesho ya ushuru uliozidi, kwamba itabidi tutengeneze upya fomu za miaka yote na kuweka na mshahara wake wa Canada, na kwamba sheria inatoa miaka mitano tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa umebakiza wiki chache ufunge.

Hapa nisimame niwaambie jambo kuhusu marejesho, maana ndipo watu huibiwa. Marejesho hayaji kwa ujumbe wa simu. Ukiona ujumbe unaosema ushuru wako uko tayari, tuma elfu mbili za kufungua faili, futa na unawe mikono. Na marejesho hayatolewi kwa huruma wala kwa sifa. Kijana mmoja mkimbiaji alikatwa ushuru wa zawadi yake huko alikoshindia mbio, akaja tumwombee hapa asikatwe mara ya pili. Nikamwambia lete ushahidi. Kesho yake akaja na medali, ameifunga kwenye kitambaa cha meza, na gazeti lenye picha yake akilia kwenye utepe. Nikamwambia, "Hii inaonyesha ulikimbia. Mimi nataka inayoonyesha ulikatwa." Akachukia, akasema basi nchi nzima ilimwona kwa TV. Ilituchukua miezi saba kukipata kile cheti cha ukurasa mmoja kutoka kwa meneja wake, na nilishangaa sana jinsi meneja yule alivyokuwa mgumu kukitoa. Nina maoni yangu kuhusu sababu. Nitayaacha kwangu.

Basi ushahidi wa Salina. Pasipoti ilikuwa na mihuri ya kila Desemba, safi kabisa. Nikaenda nayo kwa afisa, binti mdogo mwenye adabu na macho makali, naye akaisoma yote.

"Madam, siku ziko sawa," akasema. "Lakini nani anasema hiyo nyumba ni yake? Stima iko kwa jina la baba. Title ya shamba iko kwa jina la baba. Niletee barua ya chief, iseme huyu mtu ako na permanent home hapo."

Ilikuwa haki yake kuuliza. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti kali zaidi. Nikampigia chifu wa kule, naye akaniambia haandiki neno lolote juu ya boma la mtu kabla mwenye boma hajafika mbele yake. Nikapanda gari nikaenda Plateau.

Mzee Tuwei alinipokea vizuri. Mtu mrefu, masikio yameanza kuchoka, fimbo amelaza magotini. Wilson, mwanawe wa mwisho anayekaa naye, alivuta kiti akakiweka kati yetu, na kuanzia hapo kila nililosema lilipitia kwake. Nikaeleza habari ya barua. Wilson akaniuliza:

"Hiyo barua ni ya ushuru ama ni ya shamba?"

"Ya ushuru."

"Mimi najua hizi mambo, Mama. Leo ni ushuru, kesho ni lawyer." Akanywa chai. "Na wewe kwenu ni wapi?"

"Yamumbi."

"Hapana. Kwenu kabisa."

Wazazi wangu walikuja huku kutoka Mkoa wa Kati wakiwa na jembe na debe la viazi vya mbegu, na mimi nilizaliwa Yamumbi, nikaozwa nikiwa Yamumbi, na kaburi la mamangu liko Yamumbi. Swali la Wilson nimeulizwa tangu nikiwa mtoto, na kuna mwaka wa uchaguzi niliogopa kulijibu. Nikamwambia, "Yamumbi kabisa." Lakini nilimchukia kwa dakika kama mbili hivi. Nawaambia hili kwa sababu wakala mwenye hasira haoni vizuri.

Niliomba kuiona nyumba ya Salina. Mlangoni kulikuwa na kufuli mpya inayong'aa, na mapazia yamefungwa saa sita mchana. Wilson akasema ufunguo umepotea. Nikajua: amepangisha. Nyumba ikiwa na mpangaji, si nyumba ya Salina tena mbele ya sheria, na madai yote yameanguka. Nikajifanya naenda chooni, nikapita kwa jirani aliyekuwa akikoroga maziwa ya ndama nikamuuliza mpangaji wa pale ni nani.

Yule mama akacheka mpaka akaacha kukoroga. "Mpangaji? Hiyo ni mahindi ya Wilson. Anangoja bei ipande."

Nikarudi nikamwambia Wilson afungue, nimejua ni mahindi. Akafungua, macho yakiwa chini. Magunia yalifika darini. Kitanda cha Salina kilikuwa kimesimamishwa ukutani kama mlango, godoro limekunjwa nyuma yake, na picha ya mama yao ilikuwa juu ya gunia, imegeuziwa ukuta ili isipate vumbi. Kwa hilo la picha nilimsamehe kidogo.

"Bei iko chini sana," akasema. "Na ghala letu linaingiza panya. Yeye hukuja mara moja kwa mwaka, Mama. Mimi ndio niko hapa. Mzee akiugua, nani humpeleka hospitali ya mission? Ni mimi."

Ilikuwa kweli. Nikamweleza tu kwamba afisa akija kukagua atakuta ghala, si nyumba, na barua haitasaidia. Wilson akafikiri, halafu akakubali. Alikubali kila kitu. Atahamisha magunia. Ataongea na Mzee. Tena atanisaidia kuandika barua yenyewe ili chifu apige muhuri tu. Nilipanda gari nikiwa na furaha, na nilipofika mjini ile furaha ilianza kuniwasha. Mtu aliyekuwa akikataa saa moja iliyopita akikubali yote kwa mpigo, jiulizeni amepata nini. Mimi nilijiuliza, lakini wiki zilikuwa zinakwisha na nikajinyamazisha.

Tulikutana kwa chifu siku nne baadaye. Wilson alikuwa na barua imechapishwa tayari. Chifu akaisoma kwa sauti, mbiombio, kuna watu wengine nje wanangoja. Akamuuliza Mzee Tuwei kama ni hivyo. Mzee akasema ndiyo. Akatia sahihi polepole, akitoa ulimi kidogo. Mimi nikakagua tarehe, nambari ya kitambulisho, jina lote kama lilivyo kwenye pasipoti, na muhuri kama unasomeka. Wilson akaiweka mezani, akaipiga picha kwa simu yake. "Ya kumbukumbu," akasema. Nikaona ni mtu makini.

Jioni nikampigia Salina nimsomee. Nikasoma kwamba yeye Salina, binti ya Tuwei, ana nyumba ya kudumu ya kuishi katika boma la babake, na kwamba hana, wala hatadai, sehemu yoyote ya ardhi ya boma hilo.

"Soma hapo mwisho tena," akasema.

Nikasoma tena. Safari hii nilijisikia nikisoma. Ile sentensi ya mwisho nilikuwa nimeiona ofisini kwa chifu, na niliiruka kwa sababu haikugusa ushuru hata kidogo.

"Baba alisema hivyo?"

"Alisema ndiyo."

"Alisema ndiyo kwa gani, Mama? Kwa nyumba ama kwa hiyo ingine?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba, nikihesabu tarakimu za kitambulisho, na sikujua. Nilikwenda Plateau kumtafutia mwanamke huyu karatasi ya kumrudishia ushuru wake, nikarudi na karatasi ya kumfungia lango, yenye sahihi ya babake na muhuri, na ombi la kuiandika lilitoka kwangu. Siku Mzee Tuwei atakapofumba macho, Wilson angeitoa mbele ya wazee na kusema, tazameni, alitia sahihi mwenyewe, na Salina mwenyewe aliipeleka serikalini.

"Refund naweza kuacha," Salina akasema. "Niko na kazi. Lakini usipeleke hiyo barua mahali popote. Hata kama huo mwaka wa kwanza utafunga. Afadhali ufunge." Kisha akasema, "Mimi nilidhani mahali niko napo."

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa Plateau kabla ya kukamua kwisha. Nilichagua saa ile makusudi, Wilson akiwa zizini. Nikavuta kile kiti chake, nikakaa mwenyewe karibu na sikio la Mzee Tuwei, nikamsomea barua kwa lugha yake, polepole, neno kwa neno. Lugha yao naijua. Nimenunua maziwa kwayo tangu utotoni. Nilipofika mwisho akainua kidole nirudie. Nikarudia.

"Watu wa ushuru wanataka kujua mambo ya shamba langu?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Wanataka kujua kama Salina ana mahali pa kulala."

"Basi ni nani amewaambia ya shamba?"

Wilson alikuwa amefika, ndoo mkononi, na alisikia. Mzee akamgeukia. Hawakugombana, ningependa kuwaambia waligombana. Wilson akaweka ndoo chini, akasema, "Si ni vile iko tu, baba? Si hata wewe unajua ni vile iko?"

"Vile iko nitasema mimi, nikiwa hai," Mzee akasema. "Si kwa barua ya ushuru." Akachukua fimbo yake. "Twende kwa chifu."

Tukaenda wote watatu kwenye gari langu. Chifu hakufurahi kutuona, lakini aliandika upya, na barua ya pili ilikuwa na sentensi moja: Salina ana nyumba katika boma la babake, ni yake, na hulala humo kila anaporudi. Ya kwanza Mzee akaniomba niipasue. Mimi, ambaye sijawahi kupasua karatasi yenye muhuri maishani mwangu, niliipasua vipande vinane na kuviweka mkononi mwake.

Akavitazama. Halafu akamwambia mwanawe, "Na ile ya kwa simu."

Sikujua kama mzee yule aliona siku ile Wilson akipiga picha. Wilson akatoa simu, uso umekuwa mwekundu chini ya weusi wake, akaitafuta, akanionyesha, akabonyeza. Ikapotea. Mzee akaitazama simu kwa muda, kama mtu anayetazama shimo ambalo nyoka ameingia, kisha akaniuliza kama imekwisha kweli. Nikamwambia nimeona ikifutwa.

Niliwasilisha madai siku mbili kabla ya ule mwaka wa kwanza kufunga. Afisa yule binti alikuja Plateau mwenyewe, akaikuta nyumba haina gunia na kitanda kimelazwa, akaandika kwenye daftari lake, akakataa chai. Ilichukua miezi mingi na barua nne za kukumbushana, lakini Salina alirejeshewa ushuru wake wote uliozidi, miaka yote mitano. Desemba alinipigia akiwa kwake. Akaniambia mahindi yameacha harufu ndani ya godoro, na kwamba babake huja asubuhi kukaa mlangoni kwake kuota jua.

Mzee Tuwei bado yu hai, Mungu ampe siku. La shamba hajalisema. Wilson nikikutana naye mjini hunisalimia kwa heshima, huniita Mama, na mara moja alininunulia mkate. Mimi nami humjulia hali. Lakini najua kwamba simu za siku hizi zina mahali picha huenda zikifutwa, na kutoka hapo zinaweza kurudi.

Sheria inasema mtunze karatasi za mteja miaka mitano, kisha mnaweza kuzichoma. Faili zote za ofisi nilizichoma nilipostaafu, nyuma ya nyumba, siku nzima. Nakala ya barua ya pili sikuichoma. Iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro langu hapa Yamumbi, na wanangu wameambiwa iko wapi, ni ya nani, na wampelekee nani siku ile watakaposikia kilio kutoka Plateau.